Nguzo za Chini ya Chati: Kusoma Ujazo wa Mauzo ya Hisa

Habari zenu, karibuni. Leo tunashughulika na zile nguzo zilizo chini ya chati, ambazo wengi huzificha ili bei ionekane vizuri. Usizifiche.

Fungua TradingView, tovuti ya chati za bei, andika SCOM kwenye sehemu ya kutafutia, na uchague ile ya Soko la Hisa la Nairobi. Hiyo ni Safaricom. Weka chati ya siku, yaani kila mshumaa, ile alama inayoonyesha bei ilifungua na kufunga wapi, uwe siku moja ya soko. Nimeichukua Safaricom kwa sababu ina hisa zipatazo bilioni 40, na siku zote za soko kuna wanaouza na wanaonunua. Zipo kampuni pale Nairobi ambazo siku inakwisha bila hisa hata moja kuuzwa. Kesho yake anatokea mtu na hisa mia mbili, bei inaruka. Kwa hisa za namna hiyo viashiria vya leo, yaani vipimo vinavyokokotolewa kutoka kwenye bei na mauzo, havikusaidii kitu, achana navyo.

Haya, tazama nguzo. Urefu wake ni idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Rangi ndiyo inayowapoteza watu. Utasikia, "Nguzo ni ya kijani, wanunuzi wamewazidi wauzaji." Watazidije, na kila hisa iliyonunuliwa ina mwenyewe aliyeiuza? Kijani kinasema tu kwamba bei ilifunga juu kuliko ilivyofungua.

Sasa ingia kwenye mipangilio ya ujazo, washa mstari wa wastani, andika 20. Nguzo ikiuvuka mstari huo, siku hiyo mauzo yalizidi wastani wa siku 20 za soko.

Tafuta mahali bei ilipogonga kiwango kilekile mara kadhaa ikarudi chini. Siku inapokivuka, shusha macho. Nguzo ikiwa fupi, mimi sinunui, hata mshumaa upendeze vipi. Ikifika kama mara mbili ya wastani, hapo nakaa vizuri kwenye kiti. Ila nguzo moja ndefu peke yake yaweza kuwa mfuko mmoja wa pensheni umeuzia mfuko mwingine. Nasubiri siku mbili tatu nione kama mauzo yanabaki juu ya mstari.

Hatua inayofuata: fungua orodha ya viashiria, andika OBV, kifupi cha On-Balance Volume, mstari unaojumlisha mauzo ya siku bei inapopanda na kutoa ya siku inaposhuka. Kiashiria hiki kilienezwa na Mmarekani Joseph Granville mwaka 1963, na hesabu yake unaweza kuifanya kwa kalamu. Tuseme Jumatatu bei imefunga shilingi 20. Jumanne inafunga 20.50, zimeuzwa hisa milioni 6: jumlisha milioni 6. Jumatano inashuka hadi 20.30, hisa milioni 2: toa milioni 2, unabaki na 4. Alhamisi inafunga palepale 20.30: usiguse kitu. Namba yenyewe isikushughulishe, fuata mwelekeo wa mstari. Bei ikipanda kilele kipya huku OBV imebaki chini ya kilele chake cha nyuma, basi siku za kupanda zina mauzo machache kuliko za kushuka. Hiyo ni dalili ya kuwa macho, si amri ya kuuza.

Kuna mtego mmoja hapa, na kwa hisa inayolipa gawio kama Safaricom utakutana nao. Siku ya kwanza hisa inapouzwa bila haki ya gawio, kwa kawaida bei hushuka, maana mnunuzi mpya hapati ile hela. OBV haijui habari hiyo. Inatoa mauzo yote ya siku nzima kana kwamba watu wamekimbia. Kwa hiyo chukua mstari wima kwenye zana za kuchorea, uweke kwenye tarehe hiyo. Mstari wa OBV ukiporomoka hapohapo, ruka siku hiyo, anza kusoma mwelekeo kuanzia kesho yake.