Mahakama Iliyo Katika Kaunti Si Mahakama ya Kaunti

Mabibi na mabwana, naomba nianze na jina, kwa maana jina ndilo linalowapoteza wengi. Sisi Wakenya tumezoea kusema "mahakama ya kaunti yetu", na kwa kusema hivyo tunajikuta tukidhani kwamba gavana au bunge la kaunti lina usemi katika korti hiyo. Hawana. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liligawanya kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti 47, na mahakama zikabaki upande wa kitaifa, huku hakimu akiajiriwa na Tume ya Huduma za Mahakama. Hata mchuuzi anaposhtakiwa kwa kuvunja sheria iliyotungwa na bunge la kaunti, anayemhukumu ni hakimu wa Idara ya Mahakama.

Sasa tuje kwenye mamlaka, yaani uwezo ambao sheria imeipa mahakama wa kusikiliza kesi fulani. Mwaka 1989, katika kesi iliyohusu meli ya Lillian S, Jaji Nyarangi wa Mahakama ya Rufaa alieleza kwamba mamlaka ndiyo kila kitu, na kwamba mahakama isiyokuwa nayo haiwezi kupiga hatua nyingine hata moja. Mawakili hulirudia neno hilo hadi likachosha, lakini anayelipuuza hulipia. Chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, hakimu mkazi husikiliza kesi za madai yasiyozidi shilingi milioni 5. Ngazi zinazofuata zina mipaka ya milioni 7, milioni 10 na milioni 15, na hakimu mkuu hufikia milioni 20. Juu ya hapo, mlango ni wa Mahakama Kuu. Isitoshe, kesi hufunguliwa katika mahakama ya ngazi ya chini kabisa inayoweza kuisikiliza, wala pande mbili haziwezi kukubaliana kumpa hakimu mamlaka ambayo sheria haikumpa.

Mahali pia pana uzito. Mgogoro wa ardhi hupelekwa mahali ardhi ilipo, ilhali deni la kawaida hudaiwa mahali mdaiwa anapoishi au pale sababu ya kesi ilipozuka. Na mtu aliyepeleka kesi katika mahakama isiyo na mamlaka asitarajie kwamba faili lake litahamishwa tu kwenda kwingine, kwa kuwa kesi iliyofunguliwa pasipo mamlaka huhesabiwa kuwa haikuwa kesi tangu mwanzo. Wakati huo siku za kufungua kesi upya zinazidi kuhesabika: kesi ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6, na ya madhara kama ya ajali ndani ya miaka 3 pekee. Nadhani hapa ndipo wananchi wanapopoteza haki zaidi kuliko mbele ya hakimu mwenyewe.

Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, ambayo sheria inaitaka imalize shauri katika siku 60. Mtu anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Rufaa yake huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu, na huishia hapo. Kwa hiyo ushahidi wote uletwe siku ya kusikilizwa.

Kuhusu usimamizi, nitasema machache. Hakimu anayeongoza kituo cha mahakama huamua kesi na pia hubeba mzigo wa kituo kizima, ingawa kazi za kila siku, kama vile masijala (ofisi inayopokea na kutunza faili), ada, orodha ya kesi na uwekaji wa faili, hufanywa na msimamizi wa mahakama pamoja na makarani. Faili lisipoonekana, basi, malalamiko ya kwanza yaende masijala, kisha kwa kiongozi wa kituo. Tatizo likiwa la wengi, lipelekwe katika kamati ya watumiaji wa mahakama, ambamo hakimu hukaa meza moja na polisi, viongozi wa mashtaka, magereza, mawakili na wawakilishi wa wananchi. Kamati hiyo inaweza kuuliza kwa nini mahabusu hufikishwa kortini wakiwa wamechelewa. Haiwezi kuuliza kwa nini fulani alishindwa kesi, kwani swali hilo jibu lake ni rufaa.