Komeo la Bunduki ya Mitutu Miwili: Tuunde Kielelezo cha Mbao

Assalamu alaikum, watazamaji wapendwa, na karibuni tena karakanani kwangu hapa Lamu. Leo tunaunda kielelezo cha mbao, kikubwa mara mbili ya kitu chenyewe, kinachoonyesha namna bunduki za zamani za uwindaji zenye mitutu miwili zilivyojifunga na kujifungua. Kielelezo hiki hakina tundu la risasi wala hakiwezi kupiga chochote. Uwindaji umepigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 1977, na kazi yangu mimi ni mbao. Ninachokipenda ni ufundi wa kufunga, kwa sababu nilijifunza useremala kwenye milango ya mji huu, na fundi wa milango hawezi kuona komeo zuri akalipita bila kuligusa.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Waingereza wanapotaja kufuli la bunduki, mara nyingi wanakusudia mtambo unaopiga fataki, kama ule wa mafundi wa Uingereza Anson na Deeley wa mwaka 1875. Sisi leo hatuugusi mtambo huo. Tunazungumzia komeo, yaani kinachoishika mitutu isifunguke wakati wa kupiga.

Mbao ni mbambakofi mkavu. Usitumie mti uliokatwa majuzi, kwa maana hewa ya bahari hapa haina huruma, na kipande kilichokaa sawasawa wakati wa kaskazi huvimba mvua za kusi zinapoanza. Kukata vipande vikubwa sitakuonyesheni. Msumeno na randa mnavijua. Hapa mezani tayari kuna mwili wa bunduki, wenye sakafu bapa na ukuta uliosimama nyuma yake, na kuna mitutu miwili iliyoungana. Chini ya mitutu nimeacha vinundu viwili vinavyoingia ndani ya sakafu. Mimi naviita magego, gego la mbele na gego la nyuma.

Gego la mbele lina mwinamo wa nusu duara usoni, nao ndio unaokumbatia pini. Mitutu huzunguka juu ya pini hiyo kama ubao wa mlango wetu wa kale unavyozunguka juu ya ncha zake bila bawaba. Toboa tundu la pini, ingiza pini ya chuma ya milimita 12, kisha ushushe mitutu taratibu. Haitakaa, na haitakiwi kukaa mara ya kwanza.

Sasa washa koroboi. Mwanangu, teremsha kamera waone moshi. Tunapitisha gego juu ya ulimi wa moto mpaka lipate utando mwembamba wa masizi, tunalishusha mahali pake, tunalitoa, kisha tunatazama. Palipogusana, masizi yamehamia upande wa pili. Pasipogusana, pamebaki safi. Mafundi wa bunduki wa Uingereza walifanya hivi hivi kwa chuma, wakakwangua kwa tupa pale tu penye alama, kisha wakarudia moshi, tena na tena, mpaka alama ikaenea sawa. Ni kazi ya siku nyingi kwa chuma. Kwa mbao ni ya asubuhi moja, lakini kanuni haibadiliki: ondoa penye alama peke yake, na uondoe kidogo.

Sogeza kamera hapa, tafadhali. Mnaona? Alama iko upande wa kulia tu. Hili sikulitarajia, kwa sababu jana usiku lilikuwa sawa. Pini imeinama kidogo upande mmoja, basi tusiendelee. Ninaitoa, ninapanua tundu la kushoto kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti, ninairudisha, halafu moshi tena. Bado. Tena. Sasa angalieni: utando umeenea kwenye mwinamo wote, isipokuwa ukingo wa juu ambao hauna kazi.

Kabla ya komeo, tunahakikisha kwamba migongo ya mitutu inabana ukuta. Weka kipande cha karatasi nyembamba kati ya mitutu na ukuta, funga, kisha uvute. Ikitoka bila kuchanika, kuna nafasi, na nafasi hiyo haitazibwa na komeo lolote duniani. Fanya hivyo kwa mtutu wa kulia na wa kushoto.

Hapa ndipo ninapowaomba mtulie, kwa sababu hatua hii imewahi kuniharibia kazi ya wiki mbili. Nilikata mapengo ya komeo, yaani mikato kwenye magego ambamo komeo huingia, kabla mitutu haijakaa vizuri kwenye pini. Komeo liliingia kwa urahisi, nikafurahi. Niliporekebisha pini baadaye, mitutu ilishuka unene wa ukucha, mapengo yakashuka pamoja nayo, na komeo likawa linaelea. Kielelezo kilitikisika kama mlango uliooza kizingiti. Kwa hiyo nasema: pini kwanza, kisha ukuta, komeo mwisho. Pini kwanza.

Komeo tunalotengeneza ni lile alilolisajili fundi wa bunduki James Purdey wa London mwaka 1863. Ni kipande bapa kinachoteleza chini ya sakafu kwenda mbele na nyuma, chenye dirisha katikati ambamo gego la nyuma huingia. Springi hulisukuma mbele, na hapo ukingo wake wa mbele huingia katika pengo lililo nyuma ya gego la kwanza, na ukingo wa nyuma wa dirisha huingia katika pengo la gego la pili. Mitutu inashikwa mahali pawili kwa pamoja. Juu, nyuma ya ukuta, kuna wenzo mdogo; ukiusukuma kulia kwa dole gumba, mhimili wake hulirudisha komeo nyuma na bunduki hukunjika. Mpango huo wa wenzo na mhimili ni wa kampuni ya Scott ya Birmingham, mwaka 1865, na ndoa ya vitu hivyo viwili ikaenea kwa watengenezaji wengi kiasi kwamba leo watu huona kana kwamba vilizaliwa pamoja.

Chora mstari wa pengo kwa penseli iliyochongwa. Kata ndani ya mstari, usikate juu yake. Narudia: ndani ya mstari. Sakafu ya pengo iwe na mshazari mdogo sana, ili komeo linapoingia libane kama kabari na kuivuta mitutu chini. Tia masizi kwenye komeo, lisukume, litoe, utazame, upige tupa mara mbili, si tatu. Lisifike mwisho wa pengo. Nafasi inayobaki mbele ni akiba ya miaka ijayo, kwa sababu kila kinachoteleza hulika. Na msikate mapengo kabla pini haijatulia, najua nimeshasema.

Wakati masizi yanakauka mikononi mwangu, nijibu swali ambalo wageni hunipa kila mara: kwa nini bunduki nyingine zina kifungo cha juu pia? Ganda la risasi linapolipuka husukuma ukuta nyuma, na mitutu huvutwa mbele. Kwa kuwa mitutu iko juu ya sakafu, nguvu hiyo hutaka kuupinda mwili pale ukuta na sakafu vinapokutana, hivyo ukuta na mitutu huachana kwa juu. Komeo la chini huzuia mitutu isiinuke, lakini haliwezi kuushika ukuta. Ndiyo maana fundi wa bunduki Westley Richards mwaka 1862 alirefusha utepe wa chuma unaopita juu kati ya mitutu, ukawa na kichwa cha duara kinachozama ndani ya ukuta, na fundi mwingine, Greener, mwaka 1865 akapitisha komeo la mviringo kutoka upande hadi upande kwenye kirefusho hicho. Kwa bunduki nzito za tembo, zile za kipimo cha inchi .577 na .600, mafundi wengi waliona nyongeza hiyo ina maana. Mimi binafsi naupenda zaidi ubanaji mzuri kuliko wingi wa makomeo, kwa kuwa makomeo matatu yasiyogusa ni dhaifu kuliko moja linalogusa.

Mtangulizi wao, Henry Jones wa Birmingham, mwaka 1859 alitumia wenzo mrefu chini ya kinga ya kifyatulio, wenye kichwa cha mbawa mbili zenye mshazari, ukiuzungusha unayavuta magego chini kama parafujo. Ulikuwa imara mno, ila haukurudi wenyewe; mpigaji aliufunga kwa mkono wake. Kielelezo chake nitakifanya siku nyingine, inshallah.

Tumalizie. Ingiza springi, funga wenzo mahali pake, halafu uifunge mitutu. Mmesikia? Sauti moja, fupi. Sasa tazameni wenzo kwa karibu: haukusimama katikati, umesimama kulia kwa upana wa punje ya mchele. Usiukwangue ufike katikati. Katika bunduki mpya iliyotengenezwa vizuri wenzo husimama hivyo, kisha husogea kidogo kidogo kuelekea katikati kadiri komeo linavyolika. Paka nta ya nyuki kwenye komeo na pini, sio mafuta, kwa maana mafuta huzama ndani ya mbao. Fungua na ufunge mara ishirini, rudia kipimo cha karatasi pande zote mbili, na ikichanika kulia na kushoto, weka tupa chini.