Mkono Mtupu Haulambwi: Fedha na Haki ya Kuwinda Baharini Alaska

Shikamooni wazee wangu, na nyote habari za jioni.

Nianze na hesabu iliyokosewa. Juni 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilikutana Canberra, Australia, ikawakataza Wainupiat na Wayupik, wenyeji asilia wa Alaska, jimbo la Marekani, kumwinda nyangumi mkubwa wa Aktiki, ambaye Wainupiat humwita aġviq. Wanasayansi wa serikali ya Marekani walikuwa wamekadiria kwamba wamebaki kati ya 600 na 1,800 tu. Watu waliomaliza nyangumi wale walijulikana: meli za biashara za Kiyankee zilizoingia Mlango wa Bering tangu mwaka 1848 kutafuta mafuta na mifupa ya mdomo. Lakini aliyefungiwa jiko ni mwenyeji.

Wawindaji walisema hesabu si sahihi. Watu wa serikali walikuwa wakikaa ukingoni mwa barafu, wakihesabu nyangumi wanaopita kwenye mkondo wa maji ya wazi mbele ya macho yao. Wazee wakawaambia: wengine wanapita mbali msikoweza kuona, na wengine wanapita chini ya barafu yenyewe, wanaivunja kwa kichwa ili wapumue. Hakuna aliyewaamini. Desemba mwaka huohuo, kule Tokyo, waliruhusiwa mgawo mdogo wa mwaka 1978: nyangumi 12 wa kufikishwa nchi kavu, au 18 wa kupigwa chusa. Mgawo huo ni wa vijiji vyote vya wawindaji kwa pamoja.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Wawindaji walikuwa wameunda tume yao wenyewe, Alaska Eskimo Whaling Commission. Lakini tume yenye maneno matupu ingefanya nini mbele ya wanasayansi wenye takwimu? Kilichowaokoa ni kwamba mwaka 1972 Wainupiat walikuwa wameunda serikali yao ya mtaa, North Slope Borough, chini ya Eben Hopson, na serikali hiyo ilikuwa na haki ya kutoza kodi mitambo ya mafuta ya Prudhoe Bay. Walikuwa na kibubu chao. Wakaajiri wanasayansi wao. Mtafiti Thomas Albert akakaa chini kwa nahodha mzee, Harry Brower, akafundishwa tabia za nyangumi kama mwanafunzi. Kisha wakatega vipaza sauti chini ya maji, wakasikiliza. Wakawasikia nyangumi palepale wazee waliposema wapo, chini ya barafu na mbali na macho. Kufikia mwaka 2011 hesabu ilikuwa karibu 17,000, na uwindaji ulikuwa ukiendelea miaka yote hiyo.

Mwaka 1981 tume hiyo ya wawindaji ilitia saini mkataba na serikali ya Marekani. Tangu hapo ni wawindaji wenyewe wanaogawa mgawo kwa vijiji, leo ni vijiji 11, wanaoandika kila chusa iliyorushwa, na wanaomwadhibu nahodha aliyekiuka.

Najua mafuta yaleyale yana kelele zinazomfukuza nyangumi na moshi unaoyeyusha barafu. Wainupiat wanalijua kuliko sisi. Wamekaa mezani na kampuni za mafuta wakidai kazi isimame nyangumi wanapopita. Silisifu chimbuko la pesa ile. Nasema tu kwamba bila pesa ile, ukweli wa wazee ungebaki hadithi ya jikoni.

Ndiyo maana moyo unaniuma nikiwatazama majirani zao wa kusini, katika Mlango wa Bering. Haki yao ya kisheria ni ileile. Sheria ya Kulinda Mamalia wa Baharini ya mwaka 1972 iliwaruhusu wenyeji wote wa pwani ya Alaska kuwinda kwa chakula na kwa kazi za mikono, mradi wasiharibu. Mwaka 1994 Bunge la Marekani likaongeza kifungu cha 119, cha usimamizi wa pamoja kati ya serikali na wenyeji, na likataja hadi dola milioni 1.5 kwa mwaka kwa Wizara ya Biashara, inayosimamia sili na nyangumi, na milioni 1 kwa Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo kule kazi yake ni ardhi na wanyamapori, wala si polisi. Viwango hivyo viliandikwa mpaka mwaka 1999. Na kuandika kiwango katika sheria si kutoa pesa. Pesa huamuliwa upya katika kila bajeti.

Eskimo Walrus Commission, tume ya wawindaji wa walrasi, mnyama mkubwa wa baharini mwenye pembe mbili, ipo tangu 1978. Haina kisima cha mafuta cha kutoza kodi. Vijiji vyake havina barabara kati yao. Kukutana ni kupanda ndege ndogo, na nauli yake inauma. Kwetu tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Mjumbe asiye na nauli, kijiji chake hakimo kwenye uamuzi. Wala si kwamba hawajali: mwaka 2010 Gambell na Savoonga, vijiji vya kisiwa cha St. Lawrence, vilijiwekea vyenyewe kikomo cha walrasi kwa kila safari ya uwindaji. Miaka mitatu baadaye barafu ilikaa vibaya, mawindo yakakosekana, na gavana akatangaza hali ya maafa kisiwani. Nyama ile haiuzwi. Inagawiwa kwa wajane, kwa wazee, kwa jirani.

Kuna jambo jingine, na hili linatugusa sisi. Tembo wa Tanzania walipouawa kwa wingi, wakashuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 mwaka 2014, dunia ilishtuka, na ilistahili kushtuka. California ikapiga marufuku biashara ya pembe. Lakini sheria yake ilitaja pia pembe za walrasi. Mchongaji wa Savoonga, ambaye mnyama wake ameliwa mpaka ngozi, akapoteza soko kwa sababu ya majangili wa Selous. Tulilia kwa ajili ya tembo wetu, na kilio chetu kikamfunga mtu asiye na hatia.

Wanachoomba wenyeji wa Alaska kinaeleweka. Tangu mwaka 1975 sheria inaruhusu makabila kuchukua fedha na kazi za Wizara ya Mambo ya Ndani na ile ya Afya, wakaziendesha wenyewe. Haifiki Wizara ya Biashara. Kwa hiyo mwindaji yuleyule, katika mashua ileile, siku ileile, akikutana na walrasi yuko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, inayobanwa na sheria hiyo, na akikutana na sili yuko chini ya Wizara ya Biashara, isiyobanwa nayo. Wanaomba sheria hiyo ifike na huko.

Asanteni. Nipo kwa maswali.