Mwinyi Forodha na Magunia ya Usingizi

Mabibi na mabwana, karibuni. Mliokaa nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele. Na dirisha hilo mwanangu lifunge, maana makanga wa huko chini ana sauti kunishinda mimi. Ahsante.

Nimeitwa nizungumze juu ya maisha ya mkubwa wa serikali katika mji-dola wa kubuni. Wengi wenu hapa mnaandika hadithi za ajabu, na kurasa mlizonipa nimezisoma zote, nyingine mara mbili. Kuna kasoro moja nimeikuta karibu kwa kila mtu: mheshimiwa wenu hana kazi. Anaamka, anavaa joho, anapanda ngazi za jumba, anamsaliti mfalme. Basi. Hata njaa haimuumi. Mimi mheshimiwa haanzi kunishughulisha mpaka nijue anadaiwa nini, na nani, na deni linaiva lini.

Halafu majumba yenu yana theluji na minara ya kijivu. Sina ugomvi na theluji. Lakini ukipanda basi hapa Nairobi usiku, alfajiri uko Mombasa, na pwani nzima ile, kutoka Pate na Lamu hadi Kilwa, ilikuwa miji-dola: kila mmoja na mtawala wake, forodha yake, na ugomvi wake na jirani. Mombasa mpaka leo watu wanakutajia Thenashara Taifa, yale makundi kumi na mawili ya Waswahili wa mji, Tisa upande mmoja na Tatu upande wa pili, na kila upande ulikuwa na tamimu wake wa kuusemea. Ukitaka fitina za barazani, hapo zimejaa tele, huna haja ya kuziagiza nje.

Tuanze na Malindi, 1498. Vasco da Gama ametia nanga, na mtu mmoja wa msafara wake anaandika anachokiona. Mfalme ana viti vya shaba vyenye mito. Juu yake pana mwavuli wa atlasi nyekundu. Kuna wapiga tarumbeta, na kuna pembe mbili za ndovu zilizochongwa, urefu wake kama wa mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Sisi tunajua hizo ni siwa, pembe za enzi; ya pembe ya Pate na ya shaba ya Lamu zingalipo hadi leo. Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hulipita mbio. Yule mwandishi anasema palikuwa na mzee aliyemhudumia mfalme, akimbebea upanga mfupi wenye ala ya fedha.

Mfalme namwachia anayemtaka. Mimi nipeni mzee. Jua la Malindi mnalijua. Amesimama nalo, ameshika kitu cha thamani asichoruhusiwa kukitumia, na anasikia kila neno linalosemwa. Nani kamchagua? Ni wa ukoo gani? Nyumbani kwake wanakula nini usiku ule wageni wa ajabu walipofika? Ukijibu hayo matatu, una sura tano za kitabu.

Au mchukueni yule mweka hazina wa Kilwa. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji, mtawala wake Amiri Ibrahimu akakimbia, nao wakamtawaza Mohamed bin Rukn al-Din, mtu wa hazina, mtu wa daftari. Taji walilomvika lilikuwa la dhahabu, na halikukusudiwa yeye; lilikuwa njiani kwenda India, kwa mfalme wa Cochin. Fikirieni kuvishwa taji la mtu mwingine mbele ya watu waliokuona tangu utotoni, wanaojua huna damu ya kifalme! Na kinachonishangaza ni alichofanya baadaye. Aliomba mrithi wake asiwe mwanawe, awe mtoto wa Sultani Fudhail aliyeuawa zamani. Hesabu zake, naona, zilikataa kufungwa mpaka arudishe kisicho chake. Mwaka uliofuata akauawa naye.

Mimi mji wangu wa kubuni nimeuita Mawe Saba. Mkubwa wangu ni Mwinyi Forodha, muungwana wa ukoo wa zamani, mwenye nyumba ya mawe yenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na daka mbele la kupokelea watu. Mwaka wake hauanzi Januari. Unaanza Nairuzi, mwaka mpya wa pwani, na siku zinahesabiwa kumi kumi kwa miongo, kama wanavyohesabu mabaharia wetu. Kaskazi ikivuma vyombo vinaingia na yeye halali. Kusi ikishika vinaondoka, na yeye anabaki na madaftari, madeni, na kesi za watu waliopunjwa kwenye mizani.

Asubuhi anakaa barazani, kijaluba cha tambuu mkononi. Anapaka chokaa kwenye jani, polepole, anaweka popoo, anakunja. Yule mlalamikaji wa kwanza anajua kwamba mpaka jani lifike mdomoni hana ruhusa ya kufungua mdomo wake. Huo ndio utawala, jamani, kabla hata ya upanga. Mimi niliwahi kukaa saa tatu kwenye benchi la ofisi moja hapa Nairobi nikingoja sahihi, na mwenye sahihi namwona kupitia mlango ulio wazi, anakunywa chai. Hana haraka. Mahamri mawili. Nilipotoka nilikuwa na hasira, lakini Mwinyi Forodha nilikuwa nimempata mzima mzima.

Ndiyo, dada wa hapa mbele, umeinua mkono. Unauliza kanzu yake nyeupe anafua nani. Nilikuwa naelekea huko, umeniwahi. Anafua mtumwa. Uungwana wa pwani ulisimama juu ya migongo ya watu walionunuliwa, na mkiandika zidaka na sahani za Kichina bila kumwandika anayezipangusa vumbi, mtakuwa mmeandika nusu ya nyumba. Katika Mawe Saba anayejua mizani kuliko wote ni mtumwa wa forodhani. Yeye ndiye anayejua jiwe lipi la kupimia frasila limetobolewa. Bwana wake anamhitaji na anamwogopa, na hataki kukubali lolote kati ya hayo mawili.

Na maajabu? Yapo. Kwangu majini wa baharini nao ni wafanyabiashara. Usiku mmoja wa kaskazi anaingia nahodha jini, shehena yake magunia 40 ya usingizi. Usingizi mtupu, mzuri, wa mvua ya alfajiri. Ushuru wa mji ni gunia moja katika kumi, kwa hiyo serikali inachukua manne. Tatizo la kwanza: msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta kila mfanyabiashara anayeshuka chomboni anapata mwenyeji, na bei ikifungwa mwenyeji hayupo, haihesabiki. Sheria hiyo nimeiazima. Na mwenyeji wa jini huyu, kwa bahati mbaya, ni Mwinyi Forodha mwenyewe. Ndiye anayemlisha wali, ndiye anayemtoza.

Tatizo la pili ni mama yake. Yule bibi hajalala sawasawa tangu amzike mumewe. Manne yale yamewekwa ghorofa ya chini, yanapumua. Usiku anashuka na taa, anafungua gunia, anachota kibaba kimoja tu. Analala siku mbili, anaamka anaimba.

Karani anapopima asubuhi, kibaba kimoja hakipo. Nyinyi wengi hapa mngemfanya Mwinyi Forodha ababaishe daftari, au amsingizie yule mtumwa, na kweli nilijaribu hivyo. Hadithi ikanifia mikononi. Mtu wa hesabu halipi namna hiyo. Pishi ni vibaba vinne, kila mtu sokoni anajua, na kibaba cha usingizi lazima kirudi, robo pishi kamili. Basi anakwenda kwa nahodha jini, mgeni wake, anauliza kama usingizi wa binadamu unaweza kuchotwa. Jini anacheka, anasema unaweza, lakini utatoka kwako.

Analipa kwa siku kumi, mwongo mzima. Mchana anahukumu barazani macho yamemwiva, tambuu inamdondoka. Usiku mji wote umelala, mama yake anakoroma juu, naye amekaa peke yake dakani, bakora magotini. Na usiku wa saba, kwa kuwa yu macho, anaona chombo kisicho na taa kinaingia upande wa mikoko, pasipo na forodha. Kinashusha watu. Mmoja wao ameshika siwa ya mji.

Hapo ndipo nilipofika. Mpeni kipaza sauti yule kijana wa kofia.