Waya Hauozi

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, poleni na safari. Najua wengine mmepanda bodaboda tangu alfajiri ili mfike hapa.

Nimeitwa niwafundishe askari wapya wa wanyamapori wa vijiji namna ya kuitafuta mitego ya nyaya na kuitegua. Kabla sijaendelea, huu hapa waya. Upitisheni, kila mtu aushike kwa mkono wake. Umetoka kwenye tairi la lori. Tairi likichomwa, mpira unateketea na nyaya za ndani zinabaki, nyeusi, hazing'ai tena juani. Ncha moja imekunjwa ikawa kijicho, ncha ya pili imepitishwa humo. Vuta. Mmeona? Sasa jaribu kuulegeza. Haulegei kirahisi. Mnyama anapozidi kuvuta ndivyo unavyozidi kumkaza.

Baba yangu alikuwa mtegaji. Nalisema wazi kwa sababu wazee waliokaa hapa mbele wanalijua, na simwonei aibu marehemu. Yeye alitega kwa kamba ya mkonge pori aliyoisokota mwenyewe pajani, jioni baada ya jioni. Kamba ile mchwa waliila, mvua iliiozesha, na mnyama mwenye nguvu aliikata akaenda zake. Kwa hiyo baba alitega chache, na kila alfajiri kabla jua halijapanda alikuwa njiani kuzikagua. Asipokwenda siku mbili, hana kamba wala nyama. Mtego ulikuwa na mwenyewe.

Waya umelibadilisha hilo. Mtu anafunga rundo zima kwa siku moja, anasikia gari la doria, anakimbia, harudi tena. Waya unabaki. Mvua zinapita, kiangazi kinapita, tanzi liko wazi vilevile. Mimi nimetegua nyaya ambazo mti ulikuwa umeota ukazimeza upande mmoja, na upande wa pili tanzi bado linasubiri. Haya ndiyo yanayonikosesha usingizi.

Sasa tuje kwenye kazi. Kule kusini mwa Serengeti, uwanda wa Ndutu, nyumbu wanakozalia kati ya Januari na Machi, nyasi ni fupi na miti ni ya kuhesabu. Mtegaji hana pa kufungia waya, na akisimama tu anaonekana kutoka mbali. Lakini nyumbu hawakai kule. Ni zaidi ya milioni moja, na ifikapo Mei na Juni wengi wao wako huku kwetu magharibi, wakielekea Mto Grumeti. Huku nyasi zinafika kiunoni, na ndani ya nyasi kuna visiwa vya vichaka, makorongo na migunga. Ukianza kwa kutafuta waya hutauona, hata ukiupita kwa hatua mbili. Anza kwa kumtafuta mnyama anapobanwa. Wapi anashuka kunywa? Wapi korongo lina kivuko kimoja tu? Wapi njia pana ya nyumbu inaingia kichakani na kuwa nyembamba kama mlango wa banda?

Ukifika hapo, piga goti. Mchana nyasi zinaficha kila kitu kwa mtu aliyesimama; ukishuka kwenye kimo cha kichwa cha mnyama, duara la tanzi linajichora mbele ya mwanga. Tazama shina la mti: gamba limesuguliwa kuzunguka pande zote? Basi kuna kitu kilifungwa hapo kikapigania roho yake. Tazama ardhi kama imechimbuliwa mviringo. Tazama miiba iliyokatwa kwa panga na kupangwa kuziba njia, ikaachwa nafasi moja. Hiyo nafasi usiipite. Na mkiwaona tai wamekaa mtini hawashuki, nendeni polepole sana: huenda mnyama bado yuko hai, au simba ametangulia.

Ukiona waya mmoja, simama hapo hapo na uwaite wenzako. Ni nadra kuwa peke yake. Kaeni mstari, mkague kichaka chote, kwa sababu waya unaouacha nyuma ndio utakaokukamata mguu wakati wa kurudi.

Kijana mmoja aliniuliza nje kabla hatujaingia: mbona Wazungu nao wanatega kwa waya na hakuna anayewakamata? Swali zuri, nilijibu hapa. Marekani, kwenye nyanda za nyasi kama za Kansas na Nebraska, kuna mnyama anaitwa koyote, wa jamii ya mbwa, mkubwa kidogo kuliko mbweha wetu. Anakula kondoo na ndama. Mfugaji kule hana miti, kwa hiyo anafuata uzio wa shamba lake mpaka aone pale koyote alipochimba akapita chini, na manyoya yamenasa kwenye seng'enge. Hapo anapigilia chuma ardhini na kutega tanzi la upana wa kama sentimita 30 hivi, likiwa limeinuliwa juu ya ardhi kiasi cha kichwa cha koyote. Mtegaji makini anaweka kizuizi ili tanzi lisikaze mguu wa paa mpaka mwisho, na kifundo dhaifu kinachokatika akinaswa ndama au mnyama mzito. Kwenye majimbo mengi sheria inampa muda maalumu wa kwenda kukagua mitego yake, na kuna mahali tanzi limepigwa marufuku kabisa. Hata hivyo bado mbwa wa watu wananaswa, na watu wa kule wanabishana juu yake mpaka leo. Sikuwaletea habari hii ili tuwaige. Nataka muone tofauti: yule ana mnyama mmoja kichwani na anajua kesho lazima arudi. Waya wa kwetu hauna kizuizi, hauna kifundo, na mwenyewe hajulikani.

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Waya wa nyumbu unakata mkonga wa ndovu. Unamnasa simba, pundamilia, twiga mguuni. Na fisi. Watafiti walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mitego ya nyaya ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya vifo vya fisi wazima Serengeti. Sababu ni kwamba fisi husafiri makumi ya kilomita kuwafuata nyumbu, kisha hurudi shimoni kunyonyesha.

Nilimkuta mmoja, jike. Waya ulikuwa umezama shingoni hadi manyoya yameufunika. Amekwishakufa, lakini matiti yake yalikuwa yamejaa. Fisi jike hanyonyeshi watoto wa mwenzake, na watoto wake hutegemea maziwa kwa zaidi ya mwaka. Shimo lake sikulijua liko wapi. Nilikaa pale muda mrefu nikiangalia upande wa mashariki, alikokuwa akielekea.

Mnyama aliye hai msimguse. Nyumbu aliyefungwa anaua kwa teke moja. Rudini nyuma, mpige simu, daktari wa wanyamapori aje na dawa ya usingizi. Waya wenyewe ukateni pale ulipofungwa, siyo kwenye tanzi tu, na msiuache hata kipande. Andikeni idadi na mahali. Tangu 2017 kuna vikosi ndani ya Serengeti vinavyofanya kazi hii tu, kutwa kucha, na vimetoa nyaya maelfu kwa maelfu. Vingejua pa kuanzia kila msimu kama taarifa zetu za vijijini zingekuwa sahihi.

Kuhusu watu wetu wanaotega, nitasema machache. Sheria ya wanyamapori ya 2009 mnaijua na adhabu zake mnazijua. Ninachowaomba ni kwamba mkimjua mtu, mwendeeni nyumbani. Wengine wanauza kimoro, nyama pori iliyokaushwa, walipe ada ya mtoto. Mwambieni angalau aonyeshe zile za zamani ziko wapi. Mzee mmoja alinipeleka mwenyewe, akatembea mbele yangu kwa fimbo, akanionyesha korongo alilolitega akiwa kijana. Tulitoa nyaya kumi na saba. Tatu zilikuwa bado zinakaza.

Mama pale nyuma umenyoosha mkono. Ndiyo… Anauliza tukishazikusanya tuzifukie? Hapana mama. Mvua ikifukua, mtoto anayechunga mbuzi ataziokota. Zileteni ofisi ya kijiji, zihesabiwe mbele ya watu, zikatwe vipande vifupi visivyofika urefu wa kiganja. Na ule niliouzungusha, naomba unirudie hapa mbele kabla hatujatoka.