Wazungu Nao Walilala Mzungu wa Nne

Habari zenu ndugu zangu wa nyumbani. Leo niko Birmingham, Uingereza, mtaa wa Hurst, mkabala na ukumbi wa maonyesho wa Hippodrome. Mnaona hizi nyumba za matofali na duka pale kwenye kona? Kwa mbele hamna cha ajabu. Nifuateni kwenye hiki kichochoro... haya, niambieni kama hapa si uani!

Panaitwa Court 15, yaani Ua Namba 15. Nyumba 11, zilizokamilika kujengwa mnamo 1831, na ndizo za mwisho za aina hii kubaki zimekamilika na uwanja wake hapa mjini. Watu walimiminika kutafuta kazi kwenye viwanda vya vifungo, shaba na bunduki, wenye mali wakabana nyumba kwenye kila kipande cha ardhi. Tazameni ujanja wao: hii inatazama barabarani, hii inatazama uani, zimepeana mgongo, ukuta ni mmoja. Huna dirisha la nyuma wala mlango wa nyuma. Nyuma yako ni jirani anakohoa. Chini chumba kimoja, juu kimoja, juu zaidi kimoja, na ngazi nyembamba ambayo mimi na tumbo langu hili tumepita kiubavuubavu. Anayetazama barabara alilipa kodi zaidi kidogo. Wa uani alitazama vyoo.

Mimi nimekulia Magomeni, vyumba sita, korido katikati, choo kimoja uani, asubuhi foleni na ndoo mkononi. Kwa hiyo mwongozaji alipotuonyesha vyoo vya pamoja, wenzangu kwenye msafara wakakunja nyuso, mimi nikacheka peke yangu. Usiku, alisema, walitumia vyungu chini ya kitanda, maana nani ashuke ghorofa mbili gizani kwenye baridi hii? Na watoto walilala wengi kitanda kimoja, kichwa huku, miguu kule. Jamani, mzungu wa nne! Maisha yangu yote nimelala mzungu wa nne na binamu zangu, leo ndiyo nakutana na Wazungu wenyewe waliolala hivyo.

Familia moja ya miaka ya 1870, akina Oldfield, baba alitengeneza macho ya bandia ya kioo. Humu humu ndani, na watoto, na wapangaji juu yake! Mwenye kitanda cha ziada alipangisha, wakatenganishwa na shuka iliyotundikwa kama pazia. Mnacheka nini? Nani hapo hajawahi kukaa na mgeni wa pazia?

Sheria ya 1909 ilipiga marufuku kujenga nyumba hizi nchi nzima, lakini zilizokuwepo watu waliendelea kuishi. Hizi zilikaliwa mpaka miaka ya 1960, baadaye yakabaki maduka. Fundi cherehani mmoja aliyetoka St Kitts, kisiwa cha Karibi, George Saunders, alishona suti hapa mpaka miaka ya 2000 ilipoanza. Mwaka 2004 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Na nyumba mbili za hapa zimewahi kupangishwa watalii walale, kwa hela. Baba mwenye nyumba wetu akisikia hilo atapandisha kodi kesho.

Pale pembeni ni banda la kufulia: pipa la shaba limejengewa juu ya moto wa makaa, maji yachemke, nguo zipondwe kwa mti. Kila mama na siku yake ya kufua. Ukikosa yako kwa mvua, utaanika wapi? Kamba ni hizi hizi, za watu wote.

Jana nilimpigia mama kwa video nikamwonyesha picha. Hakushangaa matofali wala shaba. Akauliza, "Choo alikuwa anaosha nani?" Nikamwambia, kwa zamu, mama.

Akacheka mpaka simu ikamponyoka. "Zamu! Basi hapo walikuwa hawasalimiani."