Kusini Juu

ZUHURA: Tumeanza? Haya. Juma, iweke pembeni karatasi yako ya mafunzo matatu ya picha za anga nikusimulie ya Jumamosi.

JUMA: Karatasi naishika. Simulia, dada.

ZUHURA: Ile picha ya dunia nzima niliyoahidi kumpelekea Baba Pangani, nimeipeleka. Kumbe fundi wa fremu kagongomea kitanzi upande wa chini. Natundika sebuleni, narudi nyuma kidogo niitazame: barafu ya kusini iko juu, Uarabuni chini.

JUMA: Si ungeigeuza.

ZUHURA: Baba kanizuia. “Iache, mwanangu. Ukishuka na kaskazi, kusini ndiko mbele.” Wasikilizaji mnamjua Baba, ujana wake wote majahazini. Kasogea mpaka pua inakaribia kioo. Hii Bukini, yaani Madagaska. Hii Pembe ya Somalia. Anaisoma kama anatafuta bandari.

JUMA: Basi fundi hakukosea. Ilipigwa kwenye chombo cha Wamarekani, Apollo 17, tarehe 7 Desemba 1972. Wanaanga watatu, Cernan, Evans na Schmitt, walikuwa njiani kwenda mwezini, kama kilomita 29,000 kutoka hapa, jua liko mgongoni mwao. Kwenye filamu kusini ndiko kulikokuwa juu. Picha iligeuzwa baadaye, ilipotolewa kwa watu.

ZUHURA: Ndiyo maana yangu haigeuzwi tena.

JUMA: Hapo ndipo tunapoachana.

ZUHURA: Tuachane. Chombo kile hakikuwa na juu wala chini. Nani aliamua kaskazini ndiko kukae juu?

JUMA: Macho ya watu yaliamua. Mzee ni baharia, ataijua pwani hata ukiilaza ubavu. Mtoto wa darasa la nne anaijua ramani ya ukutani. Mpe picha yako, hataiona Afrika, na asipoiona kwao picha haijamfikia.

ZUHURA: Aitafute! Akiipata baada ya kuitafuta, hataisahau.

JUMA: Ngoja. Ile picha ya Apollo 8, mkesha wa Krismasi 1968. Mwanaanga Anders, akiuzunguka mwezi, anaiona dunia inajitokeza, anaomba upesi filamu ya rangi, anapiga. Kwa mkao wake, mwezi umesimama wima kulia na dunia iko ubavuni. Ikalazwa, mwezi ukawa chini kama ardhi, dunia ikawa inachomoza. Ingebaki ubavuni, nani angeiona asubuhi mle? Kugeuza ndiko kulikoipa maana.

ZUHURA: Kulikoipa maana yetu. Yeye alikuwa anauzunguka mwezi katikati yake, na dunia ilimjia kutoka pembeni. Mimi nataka nione alichokiona.

JUMA: Na mimi nataka picha iseme na aliye chini huku.

ZUHURA: Iseme kwa uongo?

JUMA: Kugeuza fremu si uongo, Zuhura.

ZUHURA: Kwangu ni uongo.

JUMA: Kwangu si uongo, na hapo sitoki.

ZUHURA: Wala mimi. Sasa Juma, tazama saa.

JUMA: Dakika mbili! Picha ya chombo cha Voyager 1 ya 1990, dunia ni nukta tu kutoka kilomita bilioni 6, sijaigusa. Rangi za picha za darubini ya angani ya James Webb, sijazigusa. Karatasi nzima hii!

ZUHURA: Ikunje. Nimalizie ya Baba. Nilimwambia ilipigwa Alhamisi, kwetu kama saa saba na nusu mchana. Akanyamaza kitambo. Halafu: “Msimu ule nilikuwa Rufiji, tunapakia boriti. Saa saba na nusu tumo mtoni, jua la utosi.” Anaitazama picha. “Basi nimo humu.”

JUMA: Dada...

ZUHURA: Watu wote wa pwani hii waliokuwa hai mchana ule wamo, Juma. Waliokuwa shambani, waliokuwa wanapika, marehemu mama yangu. Baba akaweka kidole pale pale alipokuwa. Mafuta ya taa yalikuwa mkononi, alama imebaki kwenye kioo. Sijaifuta.

JUMA: Na hiyo alama iko juu au chini?

ZUHURA: Iko Rufiji.